Mto wa Kiti cha Mchungaji

Msomaji mmoja ameniandikia: "Mama, kama huombi, si ungerudisha tu hilo sanduku?" Ni kweli, ningelirudisha. Wengi mmenisema wiki hii na wote mmenisema kwa haki, kwa hiyo sina la kujitetea. Ninachoweza ni kuendelea pale nilipoachia.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni fundi wa makochi. Kanisani wananiita Mama Maombi, maana sanduku la maombi liko mikononi mwangu. Mwenye shida huandika kwenye karatasi, huikunja na kuitumbukiza. Mimi peke yangu ndiye ninayefungua. Naombea moja moja, na mwisho wa mwezi nachoma zote ili siri ya mtu isije ikatembea. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Sijaomba miaka mitatu.

Nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema Mungu ameniambia mdogo wangu atainuka kitandani. Alhamisi yake tukamzika. Mwezi uliofuata Mchungaji akanipa sanduku, eti linitie moyo, nami nikaona aibu kukataa. Kusoma zile karatasi nilishindwa. Kuchoma ombi la mtu ambalo halijaombewa niliogopa. Basi nikafanya jambo ambalo fundi wa makochi tu ndiye angelifikiria. Kila mto wa kiti cha kanisa ulioletwa kwangu kurekebishwa, nilishindilia karatasi ndani pamoja na sponji, nikashona.

Waumini wenzangu wamekalia maombi yao miaka mitatu, na kila aliyeniuliza nilimjibu, "Nimekuombea."

Jumapili iliyopita binti yangu, mtoto wangu pekee niliyemlea peke yangu tangu baba yake afariki, aliniuliza huku akikunja nguo zake kuingiza kwenye begi: "Mama, ile karatasi yangu ya mwezi wa nne mwaka jana, uliiombea?"

Nikajibu, "Niliiombea, mwanangu."

Akasema, "Haya." Tangu hapo tukawa tunasalimiana tu kama wapangaji.

Jumamosi ikafika, siku yake ya kuondoka. Amepata kazi mji wa mbali, na shangazi yake alikuwa anakuja kumchukua na gari. Asubuhi nilimkuta barazani anashona kifungo cha blauzi, sindano mkono wa kushoto kama kawaida yake. Nilimfundisha kushona akiwa na miaka tisa. Nilijaribu kumhamishia mkono wa kulia, akanishinda.

"Shangazi anafika saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na utakuja lini kunisalimu?"

Alikata uzi kwa meno. "Nikiwa na sababu, Mama."

Hapo ndipo nilipaswa kukaa chini na kumwambia ukweli wote. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo tumeambiwa tangu utoto. Lakini niwaambie nilichofikiri, maana nimeahidi kutowaficha. Nilifikiri hivi: nitakwenda kanisani, nifungue mto, nisome karatasi yake, nirudi mbio kabla ya saa sita nimwambie, "Ile habari uliyoandika, mwanangu, naikumbuka sana."

Yaani hata safari yangu ya kumrudia Mungu niliianza kwa kupanga uongo mwingine.

Mto nilioutaka niliujua. Mwezi wa nne mwaka jana uzi wa kahawia uliniishia nikatumia mwekundu, na mwezi huo niliushona mto mmoja tu, wa kiti kikubwa cha Mchungaji. Nikachukua mkasi na sindano ile iliyopinda, nikatoka.

Kutoka kwetu hadi kanisani ni mwendo mfupi. Barabara inapita mbele ya nyumba yetu, inapita mbele ya kanisa, halafu inafika kwenye makutano. Pale ukikata kushoto unaishika barabara kuu na safari imeanza. Ukikata kulia unazunguka na kurudi kwenye geti la kanisa. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Getini nilimkuta mlinzi wa kanisa. Mzee mpole, hana maneno mengi. Siku hiyo alikuwa nayo.

"Mama Maombi, Mungu akubariki. Ndugu yangu kanipigia simu."

"Ndugu yako yupi?"

"Yule tuliyekosana. Miaka kumi na moja hatukuwa tunasalimiana, hata msiba wa mama tulikaa pande mbili. Juzi kanipigia, kaniuliza miguu yangu inaendeleaje." Akafuta jicho kwa kiganja. "Niliandika mara moja tu kwenye sanduku lako. Sikurudia. Nilijua wewe hutasahau."

"Sifa kwa Mungu," nikasema.

Neno hilo linatoka lenyewe siku hizi, kama salamu. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na mimi nikamwacha aushike.

Ofisi ya Mchungaji ilikuwa inapakwa rangi, kwa hiyo kikao cha viongozi kilifanyika ndani ya kanisa. Nilichungulia. Walikuwa watatu. Katibu wa kanisa, mama makini asiyecheka ovyo, alikuwa anaandika. Karibu naye mzee wa kanisa tunayemwita Mzee Kanuni, kwa kuwa hata ukipiga chafya atakutajia kifungu. Na juu ya kile kiti kikubwa, juu ya mto wangu, Mchungaji mwenyewe, mtu wa mwili uliojaa.

Saa tano kasoro robo. Nikakaa nje kwenye ngazi nikisubiri wamalize.

Walijadili paa linalovuja. Walijadili nani ashike ufunguo wa stoo. Mzee Kanuni akasema ufunguo una utaratibu wake, wakaujadili utaratibu. Kila Mchungaji alipojigeuza, nilisikia mto ukichakarika, na ndani ya mchakariko huo lilikuwamo ombi la mwanangu.

Nilijaribu kuomba pale kwenye ngazi. Nikafumba macho nikasema, "Baba." Nikangoja neno la pili. Halikuja. Nikawa nasikiliza habari za ufunguo wa stoo.

Nikampigia binti yangu. Simu iliita mpaka ikakata.

Saa tano na nusu nikapiga moyo konde nikaingia, mkasi mkononi.

"Mchungaji, samahani. Naomba uinuke."

Wote watatu waliutazama mkasi.

"Kuna nini, Mama Maombi?"

"Mto. Nataka kuurekebisha."

"Sasa hivi?" Mzee Kanuni akauliza. "Tuko ajenda ya tatu. Kikao hakikatizwi ila kwa msiba au moto."

"Mwache," Mchungaji akasema. "Hata mimi nilikuwa namtafuta. Mama, huu mto una panya. Kila nikikaa nasikia kwaru, kwaru. Juzi nahubiri juu ya utulivu, panya nao wanahubiri chini yangu."

"Si panya, Mchungaji."

"Ni nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema ni magazeti, mafundi tunaweka magazeti kuinua sponji iliyolala. Wangeamini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu ilikuwa imenibeba miaka mitatu, na hatua moja zaidi isingenishinda.

Sijui kwa nini sikuichukua. Nadhani ni ile mikono miwili ya mlinzi.

"Ni maombi," nikasema.

"Maombi gani?"

"Yenu. Ya kanisa zima. Sijaombea hata moja. Sijasoma hata moja. Nimeyashonea ndani ya mito."

Kisha katibu akainuka polepole kwenye kiti chake, akageuka, akaubonyeza mto wake kwa vidole viwili. Ukachakarika. Akaondoa mkono haraka kama aliyegusa pasi ya moto.

"Miaka mitatu?" Mchungaji akauliza.

"Mitatu, na miezi miwili."

"Huyu asimamishwe huduma leo leo," Mzee Kanuni akasema. "Kuna kifungu."

"Mzee, subiri."

"Nisubiri nini, Mchungaji? Mimi niliandika humo mke wangu alipolazwa. Nilikuja kwake na machozi, akaniambia, 'Nimeombea, Mzee, lala usingizi.' Nikalala." Akaugeukia mto wa kiti chake. "Kumbe nililala bure."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kifungu chochote. Mkewe alipona, lakini sikuwa na haki ya kumkumbusha.

Katibu akanisogelea. Alinong'ona ingawa tulikuwa wanne tu. "Yangu iko mto gani?"

"Sijui, dada yangu."

"Ukiiona usiisome. Nipe hivyo hivyo ilivyokunjwa."

"Sitaisoma."

"Kusoma hukusoma ulipotakiwa," akasema, "sasa usije ukaanza na yangu."

Mchungaji alikuwa ameinuka. Alisimama mbele ya kile kiti na mikono yake haikujua pa kwenda. "Nilipokukabidhi sanduku, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba Mungu kanitia aibu mbele za watu na sitaki kuongea naye?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungenipokonya huduma."

"Ningekupokonya," akakubali. "Ningekaa na wewe pia."

Saa tano na dakika arobaini na tano. Nikawaeleza habari ya binti yangu, karatasi yake, na gari la saa sita. Mchungaji akaunyanyua ule mto kwa mikono miwili, akanipa. "Basi fungua."

Nikaugeuza kutafuta uzi wangu mwekundu.

Haukuwepo.

Mshono ulikuwa wa uzi mweupe. Mzuri, umebana, hatua zake zinalingana. Lakini sikuushona mimi. Mshono wangu hulalia kulia, kama wa mafundi wengi. Huu ulilalia kushoto.

Nikakaa chini sakafuni palepale, mto mapajani. Katika maisha yangu nimemfundisha kushona mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto.

"Vipi?" Mchungaji akauliza. "Umekosea mto?"

Nikautazama mto wa katibu, pembeni chini. Uzi mweupe. Nikatambaa hadi kiti kilichofuata, na kingine, na kingine. Mito yote ishirini na miwili ya kanisa lile ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono wa kushoto. Binti yangu alikuwa zamu ya usafi kila Jumamosi. Nilikuwa najisifia kwa majirani jinsi anavyoipenda nyumba ya Mungu, anakwenda mapema, anarudi amechelewa.

Nikakata uzi.

Karatasi zilikuwa ndani, lakini si kama nilivyoziacha. Mimi nilizishindilia ovyo. Hizi zilipangwa mafungu mafungu na kufungwa kwa uzi. Zote zilikuwa zimefunguliwa na kukunjwa tena. Na nyuma ya kila moja, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, palikuwa na neno moja na tarehe.

Nimeombea.

Nikafungua fungu la kwanza. Nimeombea. La pili. Nimeombea. Kuna zilizokuwa na tarehe moja, kuna zilizokuwa na tarehe nne na tano, maana alizirudia. Moja ilikuwa na mwandiko uliopinda wa mtu asiyezoea kalamu: "Naomba ndugu yangu anisamehe au mimi nimsamehe, yoyote itakayotangulia." Hakuweka jina, na halikuhitajika. Nyuma yake tarehe zilikuwa kumi na tatu.

Mlinzi alidhani ni mimi.

Mchungaji alichutama, akachukua karatasi moja kati ya zile. Aliitambua kwa rangi. Alitazama nyuma yake, akaiweka mfukoni mwa shati, akakaa sakafuni na suruali yake safi. Basi hata yeye alikuwa akiandika. Mzee Kanuni aligeukia ukuta, na sasa sikumsikia akitaja kifungu chochote.

Mimi nilikuwa nafikiria Jumapili. "Mama, ile karatasi yangu, uliiombea?" Mtoto aliuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo zaidi ya mwaka. Hakuwa anataka kujua. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na mimi nikaurudishia komeo kwa mkono wangu.

Chini kabisa, peke yake, ilikuwepo karatasi moja ambayo haikuwa imefunguliwa. Ilikunjwa mara nne, kingo zimenyooka kama anavyokunja nguo zake. Juu yake hapakuwa na tarehe. Palikuwa na neno "Mama."

Ombi la kila mtu alikuwa ameliombea. Lake aliliacha nilikute mimi.

Nikalifungua. Lilikuwa la mistari mitatu.

"Mama, nasikia ukimya wako chumbani tangu mama mdogo afe. Mimi pia nimemkasirikia Mungu. Nimechoka kuomba peke yangu, naomba tuombe wote, hata mara moja."

Mwaka mzima na miezi nilikuwa nikipita mbele ya mlango wake nikienda kulala.

"Tuombe," Mchungaji akasema taratibu. "Piga magoti, tuanze na wewe."

"Siwezi. Nimejaribu hapo nje."

"Sema hata Baba."

"Nimeshalisema. Halina la kulifuata."

Hapo honi ikalia barabarani, mara mbili, kama mtu anavyopiga kuaga jirani. Niliitambua. Nikainuka na mto ukaanguka, karatasi zikatawanyika. Nikakimbia, goti likagonga benchi, nikafika mlangoni nachechemea.

Gari la shangazi lilikuwa limeshapita kanisa. Niliona kisogo cha mwanangu kiti cha mbele. Hakugeuka. Begi lake kubwa lilikuwa limeziba kioo cha nyuma.

Nikataka kuita. Mimi ninayesikika kanisani bila kipaza sauti, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Mlinzi alinitazama kutoka getini, akatazama gari, hakuelewa akimbie upande gani. Hata angekimbia, miguu yake mnaijua.

Gari likafika kwenye makutano. Taa ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima.

Nikapiga magoti pale kwenye ngazi, mkasi mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Si kwamba nilikuwa nimepata imani. Hapakuwa na kitu kingine duniani ambacho ningeweza kufanya. Nikasema sala yangu ya kwanza baada ya miaka mitatu na miezi miwili, na haikuwa sala ya Mama Maombi. Ilikuwa hivi:

"Baba, nimedanganya. Lizuie hilo gari."

Gari lilikuwa limesimama, kama magari yote yanavyosimama pale kupisha yanayotoka barabara kuu. Lori likapita. Pikipiki ikapita. Njia ikawa nyeupe.

Taa ya kushoto ikazimika.

Gari halikukata kushoto. Halikukata kulia. Lilibaki pale pale katikati ya barabara, na nyuma yake mtu akaanza kupiga honi.

Mchungaji alikuwa amesimama nyuma yangu anangoja nimalizie kwa amina ili aitikie. Sikuisema. Niliogopa kwamba nikiisema tu, lile gari litaondoka.